Mnyama Mbele ya Maandishi: Juu ya Mvuto wa Riwaya za Safari na Hatari Zionwazo kwa Macho ya Wanyama

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na wanyama wasemao kabla hajakutana na riwaya. Sungura amekwisha kumdanganya fisi, na kima amekwisha kumponyoka papa kwa kumwambia kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kwa hiyo yaweza kudhaniwa kwamba riwaya ya safari na hatari ambayo shujaa wake ni mnyama si kitu ila ngano ile ile iliyorefushwa. Dhana hiyo imeenea madarasani, nami naona kwamba inapotosha. Katika ngano mnyama husema. Katika riwaya ya namna hii mnyama huona. Sungura wa ngano ana nyumba, ana shamba, huhudhuria baraza na kukopa fedha. Ukimvua manyoya hubaki mtu wa kijijini mwenye ulimi mwepesi. Hana pua wala hofu ya mwewe. Hatuhitaji kumwingia ndani, kwa kuwa tangu mwanzo amewekwa pale asimame badala yetu.

Jambo hili tunaweza kulitazama tukiwa Ihanda, katika nchi ya kale ya Karagwe ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Ni nchi ambayo haikupata kuwadharau wanyama. Wageni waliofika kwa Mukama Rumanyika katika karne ya kumi na tisa walioneshwa sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, zikihifadhiwa pamoja na vyombo vya ufalme. John Hanning Speke, aliyefika huko mwishoni mwa mwaka 1861, aliandika masimulizi aliyopewa juu ya kifo cha Ndagara, baba yake Rumanyika: kwamba maiti yake ilishonwa ndani ya ngozi ya ng'ombe na kuelezwa ziwani ndani ya mtumbwi, na kwamba katika mabuu matatu yaliyotwaliwa kwake, moja likawa simba, la pili chui, na la tatu fimbo. Ni masimulizi mazito. Hata hivyo simba yule hasimulii lolote. Yeye ni ishara ya enzi, naye hutazamwa kutoka nje, kama vile ng'ombe wa chuma atazamwavyo. Ndivyo ilivyo pia katika Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku. Uchungu tunaopewa kuufuata kwa karibu ni wa Adili anayeshika mjeledi. Usiku ule, jinsi ulivyoonekana na nyani, haukuandikwa.

Lakini fasihi yetu haikukosa kabisa mfano wa jambo ninalolitafuta. Katika hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 katika Swahili Tales, maskini apekuaye jaani anaokota thumuni na kumnunua paa. Tangu paa yule aokotapo almasi malishoni, hadithi inafanya jambo la ajabu: inamwacha binadamu ameketi kibandani pake, na inamfuata mnyama. Paa ndiye anayekata misitu, ndiye anayewaza njiani, ndiye anayemposea bwana wake binti wa Sultani na kumwua nyoka wa vichwa saba. Twajua mipango yake kabla bwana wake hajaijua. Kisha, paa anapougua, na bwana aliyekwisha kutajirika akaamuru apewe uji duni, twaumia kwa sababu njia ile ndefu tumeitembea pamoja na paa. Msimulizi wa Unguja alijua siri hii miaka mingi kabla ya watungaji wa Ulaya kuifanyia biashara.

Siri hiyo ni nini? Wengi hujibu kwamba vijana wanapenda wanyama. Jibu hili ni la mjini. Kijana wa Ihanda anayefukuza ngedere katika mahindi ya mama yake hana sababu ya kuwaonea wanyama huruma ya bure. Yampasa mtungaji amvute kwa kitu kingine, na kitu hicho, kwa maoni yangu, ni udogo. Riwaya humnyang'anya msomaji mikono, kimo na, zaidi ya yote, kusoma. Barabara aliyoizoea inakuwa ukingo wa mauti. Hatari haihitaji kutafutwa katika visiwa vya mbali, ipo uani.

Tuchukue riwaya ya Richard Adams, Watership Down, iliyochapwa Uingereza mwaka 1972, ambayo mwanzo wake ulikuwa masimulizi aliyowapa binti zake wakiwa safarini katika gari. Mashujaa wake ni kundi la sungura waliohama makao yao kutafuta kilima cha kuishi. Adams alisoma kwanza kitabu cha R. M. Lockley cha mwaka 1964 juu ya maisha ya sungura, na elimu hiyo yaonekana: sungura wake wanahesabu mpaka nne tu, na kinachozidi nne ni wengi, gari wamelipa jina linaloiga mngurumo wake. Lakini nguvu ya kitabu iko katika tukio dogo la mwanzoni. Sungura wawili wanakuta ubao mpya umesimamishwa malishoni. Mmoja anatetemeka, anaona uwanja umejaa damu, asijue kwa nini. Msomaji anajua, maana maandishi ya ubao amewekewa mbele yake: mahali pale patajengwa nyumba. Amri imekwisha kutolewa, imeandikwa na kupigiliwa misumari, na wale watakaokufa kwayo wanainusa tu.

Jambo hilo hilo limo katika kitabu ambacho wanafunzi wetu wanakijua zaidi, Shamba la Wanyama cha George Orwell, kilichotoka Uingereza mwaka 1945 na kutafsiriwa na Fortunatus Kawegere, tafsiri yake ikachapwa Nairobi mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Amri saba zinabadilishwa ukutani usiku, na farasi jike anahisi kwamba neno fulani halikuwamo, lakini hana uwezo wa kuthibitisha. Inambidi aombe asomewe. Boxer, farasi aliyelifanyia shamba kazi mpaka mapafu yakamshinda, anachukuliwa garini. Wenzake wanampungia kwaheri kwa furaha mpaka punda, ajuaye kusoma, anapowapigia kelele na kuwasomea maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa gari: ni gari la mchinja farasi. Sijui ukurasa mwingine katika riwaya za karne iliyopita ambapo kujua kusoma kumechelewa kwa uchungu kama pale.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Kitabu hiki kimekwisha kufundishwa mara nyingi kwa njia ya orodha: nguruwe huyu ni Stalin, yule ni Trotsky, farasi ni tabaka la wafanyakazi. Orodha ni ya kweli, na mtihani huidai. Ila mwanafunzi aliyekwisha kupewa orodha hana haja tena ya kumtazama farasi. Boxer amechinjwa na nguruwe mara moja, na sisi tunamchinja mara ya pili ubaoni. Yafaa kwanza mwanafunzi aulizwe: wewe umepata kuwa punda yule? Na wengi wamepata. Bibi ameletewa stakabadhi ya kahawa, au barua ya shauri la shamba. Mjukuu wa kidato cha pili ndiye anayeitwa asome, na uso wa bibi unafuata midomo yake. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima kwa sababu hali hiyo ilikuwa ya mamilioni, nayo haijatoweka. Simfananishi mzee wetu na mnyama, na atakayenielewa hivyo amenisoma vibaya. Nasema kwamba riwaya hizi humweka mwanafunzi aliyeelimika, kwa saa kadhaa, katika nafasi ya yule ambaye mambo yake huamuliwa kwa alama asizozijua.

Zipo kasoro. Riwaya nyingi za aina hii ni udanganyifu: mnyama amevishwa ngozi tu, na fikira zake ni za mwungwana wa Kiingereza. Hata Adams, pamoja na elimu yake yote, alisafiri na kundi la madume mpaka kilimani ndipo wakumbuke kwamba bila majike hawana kizazi. Mfugaji yeyote angaliwauliza siku ya kwanza. Anna Sewell katika Black Beauty, kitabu cha mwaka 1877 ambacho farasi mwenyewe anakisimulia, anahubiri mno. Lakini farasi wake anajua lijamu inavyokata kinywa, naye anasikia kila neno asiweze kujibu hata moja, na kwa hilo nasamehe mahubiri.

Wala tusidhani kwamba sanaa hii ni ya Waingereza. Apuleius, mtu wa Afrika ya Kaskazini katika karne ya pili, aliandika riwaya nzima ya mtu aliyegeuka punda na kuiona dunia ya wakubwa kutoka chini ya mizigo yao. Katika zama zetu Patrice Nganang wa Kameruni amemwachia mbwa asimulie mtaa wa Yaoundé katika Temps de chien (2001), Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville amemwachia nungunungu aungame katika Mémoires de porc-épic (2006), na NoViolet Bulawayo wa Zimbabwe ameijaza nchi nzima wanyama katika Glory (2022). Kiswahili, chenye paa wa Sultani Darai, kina deni hapa.

Na Kagera haikosi kisa. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoiteka sehemu ya kaskazini ya mto Kagera, ng'ombe wengi walisombwa wakapelekwa Uganda. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Ngara na Karagwe, wanyama wa Burigi waliwindwa sana. Mwaka 2019 pori lile likawa sehemu ya hifadhi ya taifa, na mistari mipya ikachorwa kwenye ramani. Mwalimu wa Ihanda anayetaka kuwajaribu wanafunzi wake katika utungaji na awape ng'ombe mmoja wa pembe ndefu, jike lenye ndama, katika msafara ule wa 1978, kwa sharti kwamba maneno vita, mpaka na Uganda yasitumike hata mara moja. Wawe na vumbi, sauti asizozizoea za wachungaji wapya, kiwele kinachouma kwa kutokamuliwa, na harufu ya mto ikibaki nyuma.