Mulika Gunzi: Mchezo wa Kutafuta kwa Tochi

Saa moja jioni, giza limeshatanda Kitale, magharibi mwa Kenya. Mji uko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, kwa hivyo jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na katika miezi ya mvua mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa amefungiwa ndani tangu alasiri. Ameshakula, usingizi hana, sufuria zote ameshazigonga. Kinachomwokoa mama yake ni mulika mwizi, ile simu ya vibonyezo yenye tochi kichwani ambayo Wakenya waliibandika jina hilo enzi za Nokia 1100 ya mwaka 2003.

Mchezo wenyewe ni huu. Gunzi la mahindi linavishwa kitambaa chekundu. Halimezeki, na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, halikosekani. Linafichwa mtoto akiona, chini ya leso au nyuma ya mtungi wa maji, ncha yake ikiachwa nje. Taa inazimwa lakini mlango wa jikoni unabaki wazi kidogo, maana giza totoro humtisha mtoto na kumpoteza mle mle chumbani mwake. Tochi inaanzia mbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga ule ule hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne, kwa hivyo ukutani huonekana duara pana, hafifu. Mama akisogea, duara linajikunja na kung'aa, na macho ya mtoto yanalifuata mpaka kwenye leso. "Liko wapi? Liko wapi? Hili hapa!"

Wakubwa huharibu mchezo kwa kuficha kwa ustadi. Katika kitabu chake cha 1937, mwanasaikolojia Jean Piaget alisimulia alivyomfichia binti yake Jacqueline, aliyekuwa na miezi 10, kasuku wa kuchezea chini ya godoro upande wa kushoto, mara mbili, na mara zote mbili akampata. Kisha akamficha upande wa kulia, polepole, mtoto akitazama. Jacqueline akageukia kushoto! Mtoto wa umri huo hutafuta pale alipofaulu awali, hata kama macho yake yameona vingine. Asiyetimiza mwaka basi afichiwe mahali pamoja tu. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa 2012 kuhusu malezi nao haudai makuu kwa mtoto wa miezi 9 hadi 12: ficha kitu anachokipenda chini ya kitambaa au kasha, uone kama atakipata.

Akifikisha mwaka na nusu, mambo hugeuka. Mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake walichapisha mwaka 1985 utafiti uliofanyika Marekani, ambamo watoto wa miezi 18 hadi 24 walifichiwa mwanasesere sebuleni kisha wakapewa vitu vingine vya kuwashughulisha. Hawakusahau. Walikatiza michezo yao wakatupia jicho maficho, wakayaonyesha kwa kidole, wakamtaja mwanasesere. Hivyo mtoto wa mtaa wa Tuwan, Kitale, anayechungulia leso huku akijifanya anakula ndizi anafanya kazi ya kweli ya kukumbuka, na hapaswi kuharakishwa.

Mchana, katika kaunti jirani ya Bungoma, tochi haihitajiki kabisa. Nyumba nyingi za mabati hazina dari, na mabati yaliyowahi kuezekwa kwingine hubaki na matundu ya misumari. Tundu huwa limechanika ovyo, lakini kidoa cha mwanga sakafuni ni cha mviringo, kwa sababu ni taswira ya jua lenyewe. Paa likiwa mita 3 juu, kidoa huwa na upana wa sentimita 3 hivi. Mtoto akikifunika kwa gunzi, baada ya dakika mbili hivi kimeshahama kiasi cha upana wake. Anakitafuta upya, anakipata, kinatoroka tena. Ni mchezo usiokwisha mpaka wingu lipite.

Tochi isielekezwe machoni, na koroboi haina nafasi hapa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye vitaa vya mapambo vya bei nafuu vyenye betri ndogo za duara: ikikwama kooni, betri hiyo inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Betri bapa ya mulika mwizi haimezeki. Kilichobaki ni kuichaji mapema, kabla stima haijapotea.