Jembe Jukwaani: Nani Atasema Tumeshindwa?

Kila Tamasha la Bagamoyo linapomalizika, huku vyuoni huzuka ubishi ule ule. Wapo wanaodai jukwaa limeua ngoma zetu. Wapo wanaodai bila jukwaa zingekuwa zimezikwa zamani. Makala haya yanaona kwamba pande zote mbili zimeshika mkia zikaacha kichwa. Swali la mhakiki si ngoma inachezwa wapi. Swali ni hili: pale inapochezwa, nani ana haki ya kumwambia mchezaji, "Leo umeshindwa"?

Tuchukue bugobogobo ya Wasukuma. Asili yake ni shamba. Vijana walilima kwa vikundi, ngoma ikipigwa, majembe yakipanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Hapo fani na maudhui havitengani hata kidogo: anayepoteza mpigo anaachwa nyuma, na tuta lake linamsema mbele ya watu. Shamba lenyewe ni mhakiki, tena mhakiki asiyehongeka.

Baada ya kulima huja mashindano. Usukumani wachezaji wamegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi yanazirudisha kwa Ngika na Gumha, waganga na wachezaji mahasimu wa karne ya 19. Katika sherehe ya Bulabo, ambayo hufanyika Bujora karibu na Mwanza baada ya sikukuu ya Ekaristi, pande hizo hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hebu fikiria, msomaji: hadhira inahakiki kwa miguu. Ikichoshwa inahama, na fanani anaiona inavyohama. Ndiyo maana hubuni mambo mapya kila mwaka, akilala, ameliwa.

Sasa tuje Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, tamasha lake likaanza 1982, na tangu 2007 chuo kinaitwa TaSUBa. Kazi yake si ndogo. Kijana wa Pwani anajifunza ngoma ya Mwanza, na wa Mwanza anajifunza ya Kusini. Hilo lilikuwa lengo la taifa tangu Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Lakini jukwaani bugobogobo huchezwa kwa dakika chache, majembe yanarushwa na kudakwa, makofi yanapigwa, kikundi kingine kinaingia. Hakuna tuta litakalopinda. Hakuna jirani wa kuwavutia watu kwake. Makofi ni ya wote, na makofi ya wote si uhakiki, ni adabu tu.

Tusidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Romania wana căluș, ngoma ya wanaume iliyochezwa wakati wa Pentekoste na kikundi kilichokula kiapo, na iliyoaminika kuponya wagonjwa. UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Ngoma za vijana wa kiume za nchi hiyo zikaandikishwa 2015. Zamani mgonjwa aliinuka au hakuinuka, jibu likapatikana. Mtazamaji wa tamasha hana ugonjwa wa kuponywa. Anasifu mruko na vazi, basi.

Wapo watakaosema kwamba mashindano huleta uhasama na ushirikina, na kwamba taifa lilitaka umoja. Ni kweli, Bulabo haikosi habari za dawa za kuvuta watu. Lakini mpira nao una habari hizo hizo, na hakuna aliyependekeza Simba na Yanga wacheze bila kuhesabu magoli.

Napendekeza jambo dogo. Barabara ya Bagamoyo kwenda Msata inapita Kiwangwa, kwa wakulima wa mananasi. Mtu wa Kiwangwa hahitaji digrii ya sanaa za maonyesho kujua jembe linalochimba na jembe linalopepea. Tamasha litoke ukumbini siku moja, liende huko, vikundi viwili vicheze uwanja mmoja kwa saa moja, na wakulima wasimame wanapopenda. Tutajua mara moja nani anacheza na nani anaigiza kucheza.

Na sisi wa idara za fasihi tusijitoe. Tumezoea kuandika maneno ya nyimbo, tukachambua tamathali, tukaita hiyo kuwa uhakiki wa ngoma. Mgongo wa mchezaji hatuusemi, pumzi yake hatuisemi. Tukitoka Bagamoyo tunaandika "ngoma ilifana". Ilifana kwa kipimo gani? Mhakiki anayeogopa kusema kikundi fulani kimeshindwa amekinyima kikundi hicho kitu ambacho shamba lilikipa bure.