Kurasa 1,024 za Akiba

Vituo vingi vya afya nchini Uganda hutunza kumbukumbu za wagonjwa katika UgandaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS. Seva mara nyingi hukaa palepale kituoni, ikibeba Java na hifadhidata ya MySQL pamoja. Pande za Arua na Koboko, fundi wa seva ana jambo jingine la kufikiria: kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na, tangu 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Namheshimu sana fundi huyo, hasa anapotenga RAM.

Tuseme mashine ina gigabaiti 8, naye anataka 2 ziwe za MySQL peke yake. Kwa kawaida Linux hugawa RAM katika kurasa za kilobaiti 4, kwa hiyo zingekuwa kurasa 524,288, ilhali prosesa hushika anwani chache tu karibu yake na zilizobaki huzitafuta upya. Fundi huomba kurasa za megabaiti 2. Sasa ni 1,024. Huzitenga mashine inapowaka, maana baadaye RAM hukatikakatika na vipande vizima vya ukubwa huo huwa adimu. Zikishatengwa hazihamishiwi diskini wala haziazimwi; ni mahindi ya mbegu, njaa ikibisha hayaliwi.

Ugumu uko kwenye kipimo. MySQL huhitaji zaidi kidogo ya zile gigabaiti 2. Akipunja, inaweza kuziacha kurasa kubwa zote, irudi kwenye kurasa ndogo na kuandika onyo moja tu kwenye logi. Basi gigabaiti 2 zimelala bure, nyingine 2 zimechotwa pengine, Java imebanwa, na siku ya kliniki kerneli inaua programu ili mashine isife.

Ndiyo maana fundi husoma faili ya /proc/meminfo taratibu: jumla, zilizo huru, na zilizoahidiwa. Mgeni huona kurasa nyingi huru akadhani zimezidi, kumbe sehemu yake imeshaahidiwa MySQL, haijaguswa tu. Mkono mzuri huonekana hapo.

Huongeza kurasa chache, huandika mpangilio kwenye faili za mfumo, kisha huizima seva na kuiwasha bila kugusa kibodi. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, mashine lazima ijipange yenyewe kabla karani hajafungua dirisha la usajili.