Land Rover Nzito Kuwaka: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi ya Fundi Umeme

Ukimiliki Land Rover ya zamani ya kijeshi hapa Makoko, kwenye unyevu wa Ziwa Victoria, bila shaka umeshaambiwa zaidi ya mara moja: "Betri imekufa, nunua nyingine." Unanunua, gari linawaka vizuri kwa muda, kisha asubuhi moja linarudia uzito wake. Basi ujue umeme ulikuwepo tangu mwanzo, ila ulipotelea njiani kabla ya kufika kwenye stata. Fundi hodari ni yule anayejua kuutafuta umeme uliopotea. Anapima kabla ya kufungua, na anafungua kabla ya kukutuma dukani. Mwongozo huu ni wako wewe unayesimama kando ya boneti ukitaka kujua kama kazi unayofanyiwa ni safi.

Anaanza na maswali

"Gari haliwaki" ni malalamiko ya magonjwa mawili. Kuna stata inayojikokota, na kuna stata inayozunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Ugonjwa wa kwanza ni wa betri, nyaya au stata yenyewe. Wa pili ni wa mafuta au moto wa plagi, na kwa dizeli ni wa hita plagi. Kwenye injini za dizeli za zamani za lita 2.25, hita plagi zote nne zimeungwa kwa mfuatano, hivyo moja ikiungua zote zinapoa. Fundi asiyelijua hilo atabadilisha betri nzima kwa kosa la plagi moja.

Kama gari ni la petroli, mwangalie kama ataomba hendeli. Injini ikiwa ngumu hata kwa mkono, shida iko kwenye injini au oili. Ikizunguka laini na kuwaka kwa hendeli, moto wa plagi uko sawa, na washukiwa ni betri, nyaya au stata. Tazama pia anavyoishika. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu injini ikirudisha pigo inaweza kuvunja mkono.

Swali lingine ni la volti. Land Rover za jeshi za kazi za kawaida zilitumia volti 12, na zilizoandaliwa kubeba redio zilitumia volti 24, kwa betri mbili zilizoungwa kwa mfuatano. Isitoshe, zile za volti 12 za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na ethi ya chanya, yaani upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye chasisi. Fundi anayefunga alteneta au kuazima umeme wa gari jingine bila kuuliza hayo anaweza kuunguza daiodi kwa sekunde moja.

Anapima stata ikiwa kazini

Betri iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikisoma 12.0 imebaki kama robo. Namba hizo ni za betri iliyolala. Ukweli hujitokeza stata inapovuta.

Hapa ndipo utamtambua bingwa. Kwa gari la petroli anachomoa waya wa koili ili injini isiwake, anamwambia msaidizi apige stata, naye anaangalia mita kwenye vichwa vya betri. Volti zikishuka chini ya 9.6, ama betri imechoka, ama stata inakula kupita kiasi. Zikibaki kama 11 huku stata ikijikokota, betri haina kosa. Kuna kizuizi mbele. Kwa gari la volti 24, zidisha namba hizi mara mbili.

Kisha anahamisha mita. Ncha moja anaiweka kwenye kichwa cha betri kisicho cha ethi, nyingine kwenye nati ya stata, na msaidizi anapiga tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unaliwa na waya, soleno au kiungo kati ya ncha hizo mbili. Upande wa ethi anapima vivyo hivyo, toka kichwa cha ethi cha betri hadi bloku ya injini, na hapo hata volti 0.3 ni nyingi. Hesabu yake ni nyepesi: stata ikivuta ampea 200, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kinakula volti 2. Kutu usiyoiona kwa macho inatosha kulaza gari.

Viungo ndivyo saini yake

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa. Kwa hiyo ethi iliyofungwa kwenye bodi ni kazi ya haraka. Kazi safi hufungwa kwenye chasisi, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, kisha pakapakwa grisi baada ya kukaza. Tena injini imekalia mpira, hivyo lazima uwepo waya mnene unaoiunganisha na chasisi. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na waya wa choki unaweza kupata moto na hata kutoa moshi. Ukiona hivyo, usikubali kubadilishiwa choki peke yake.

Baada ya kupiga stata, pitisha vidole kwenye nyaya nene, betri ikiwa imechomolewa. Kiungo chenye joto kuliko vingine ndicho mwizi.

Betri nayo ina historia

Ukinunua betri iliyotumika, uliza ilikotoka. Huku kwetu betri nyingi zimekesha ziwani zikiwasha taa za wavuvi wa dagaa. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ikikamuliwa usiku kucha, mabamba yake huharibika. Itaonyesha volti nzuri mezani na kuanguka mbele ya stata. Kama ina vifuniko, fundi makini hupima kila seli kwa haidromita. Seli moja ikiachana sana na wenzake, hiyo betri haina maisha. Kuongeza asidi hakuitibu. Kinachoongezwa ni maji yaliyotoneshwa.

Kwenye volti 24, betri mbili ziwe za umri na ukubwa mmoja. Usikubali mtu achukue volti 12 za redio ya muziki kutoka betri moja tu. Hiyo itapungukiwa kila siku, na mwenzake itachajiwa kupita kiasi.

Gari likilala siku nyingi, pima pia umeme unaovuja. Nusu ampea huimaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku tano. Na safari fupi ya Makoko hadi sokoni hairudishi kilicholiwa asubuhi. Lipeleke hadi Bunda au Butiama mara kwa mara.

Stata mezani, na makabidhiano

Stata ikifunguliwa, omba kuona. Kaboni zisiwe fupi, zicheze huru kwenye nyumba zake; komyuteta iwe laini; bushi zisiwe na mchezo, maana shafti ikilegea amecha hukwaruza na stata huzunguka kwa uzito hata kwa betri mpya.

Mwisho, fundi wa kweli anakuachia namba zilizoandikwa: volti za kulala, za kupiga stata, na za kuchaji, ambazo kwa volti 12 ziwe kati ya 13.8 na 14.4. Zihifadhi ulinganishe mwakani. Na akigundua kuwa kilichohitajika kilikuwa msasa na spana tu, mlipe vizuri. Amekuokolea bei ya betri, na ujuzi huo ndio unaoyafanya magari haya yaendelee kuwaka.