Siwati: Neno Lisilopekulika

Mashairi ya gerezani yana balaa moja: wasomaji huyahurumia kabla ya kuyasoma. Diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla imepata hisani hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini. Kila mpenzi wa ushairi wa pwani anakijua kisa chake: kijana aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, mfuasi wa chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga, akashitakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya waraka wa mwaka 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, ametengwa na wafungwa wenziwe, na akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. Diwani ikatoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Kisa ni kitamu, na utamu wake umekula nafasi ya tungo zenyewe. Zile karatasi zinakumbukwa. Yaliyoandikwa juu yake hayaulizwi sana.

Shairi linalostahili kusomwa upya, tena polepole, ni Siwati. Kwa umbo halina ugeni. Ni ubeti wa mishororo minne, mizani kumi na sita, nane kwa nane, mtindo ule ule aliouzoeza Muyaka bin Haji katika Mombasa ya karne ya 19. Katika beti za mwanzo mishororo mitatu inafunguliwa na neno moja lile lile, la kukataa, na mshororo wa nne unakichukua kina cha mwisho na kukitia kati, kisha ubeti unafungwa kwa kina kingine kabisa. Mwenye sikio atahisi kwamba kila ubeti unajikaza ndani yake wenyewe, kama mtu anayekunja kidole kimoja kimoja mpaka kiganja kikafumba.

Ubeti wa pili ndio unaofichua gereza lilitaka nini. Mtunzi anataja adhabu za kila namna, kisha katika mshororo unaofuata anataja vinono atakavyoahidiwa. Msomaji mwepesi huiona adhabu tu, kwa kuwa ndiyo anayoitarajia gerezani. Lakini uzito uko kwenye vile vinono. Adhabu inautaka mwili, na mwili gereza limekwishakuwa nao. Ahadi inautaka ulimi: mfungwa aseme mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba alikosa. Utawala unaomtesa mpinzani akanyamaza umepata kimya tu. Unaomfanya asadiki kwamba kweli yake ilikuwa uwongo umepata mtu mzima, na kesho utamtuma akawafunze wengine.

Tamaa hiyo haikubuniwa na serikali ya Kenyatta, ilirithiwa. Katika makambi ya Waingereza ya miaka ya 1950, watu waliozuiliwa kwa ajili ya Mau Mau walipangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, si rangi ya ngozi bali kipimo cha jinsi walivyokiri kiapo na kukikana. Aliyekiri alisogezwa kambi iliyo karibu zaidi na kwao. Aliyekataa alirudishwa nyuma. Mnamo tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, kando ya mto Tana, wafungwa 11 waliokataa kulazimishwa kazi walipigwa na askari hadi kufa, na tangazo la kwanza la serikali likadai kwamba walikuwa wamekunywa maji. Uwongo huo haukudumu. Habari ilifika katika bunge la London na ikaitikisa serikali iliyokuwa na mizinga, meli na magazeti, ilhali wale kumi na mmoja silaha yao ilikuwa ni kukataa. Miaka kumi baadaye Kenya huru ilikuwa na bendera yake, na magereza yale yale, Kamiti likiwamo.

Hapo ndipo lugha ya Siwati inapodai kutazamwa kwa makini ambayo haijaipata. Kwa nini siwati, wala si siachi? Jibu la mkato ni kwamba mtunzi ni Mmvita na anasema Kimvita. Lakini wanaopenda kueleza kila neno la lahaja kwa shida ya arudhi watakwama hapa, maana siachi nalo lina silabi tatu vile vile, na neno lenyewe liko mwanzo wa mshororo, mahali pasipodaiwa kina. Hakuna mizani iliyomlazimisha. Alilichagua neno la nyumbani kwao, lile ambalo mtoto wa Mombasa husikia mamake akilitumia jikoni, akaliweka mbele ya dola iliyokuwa ikimtaka aseme lugha yake, yaani lugha ya toba.

Zaidi ya hilo liko neno jingine, nalo limefanywa hata kuwa jina la shairi lake jingine, N'shishiyelo ni Lilo. Kiswahili sanifu kingesema nililolishika, na maana ingekuwa karibu, lakini si yenyewe. Nililolishika ni tendo lililopita. Huenda mkono umekwishaachia. Shishiye ni wakati wa kale wa Kimvita, ule wa lele na simeme. Mtu aliyelele amelala na angali amelala. Aliyesimeme amesimama na hajaketi. Basi aliyeshishiye ameshika na mkono bado umefumba. Sarufi yenyewe inakataa kuachia kabla mtunzi hajatoa hoja.

Na kilichoshikwa ni nini? Hakisemwi. Ipo -lo tu, kirejeshi cha ngeli ya neno na jambo, na kazi imeishia hapo. Waraka haukutajwa, chama hakikutajwa, wala jina la mtu. Wapo wahakiki wanaoharakisha kuijaza nafasi hiyo kwa neno haki, au ukombozi, au ujamaa, kila mmoja na mzigo wake. Wanafanya kazi ya mpekuzi bila kujua. Mlinzi wa gereza anaweza kutwaa karatasi, kalamu, barua. Hawezi kuitwaa -lo, kwa kuwa haijui ni kitu gani. Waraka ungekanwa. Chama chenyewe kilipigwa marufuku Oktoba 1969, mtunzi akiwa ndani. Kama alichokishika kingekuwa chama, siku ile mkono ungebaki mtupu. Mwenye kulifasiri shairi hili kwa Kiingereza huipata taabu hiyo mapema: kule hakuna ngeli ya kumwonyesha msomaji kwamba kinachoshikwa ni cha jamii ya neno. Mfasiri ama aache utupu usio na umbo, ama achague jina, na akichagua amekwishalitaja.

Pwani inaye mfungwa mwingine wa kufananishwa naye, na ufananisho huo hufanywa mara nyingi, ila hukosewa. Katika utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo kifungoni anatumia tungo kumpa Saada ujumbe kwa mamake: mkate wa wishwa uokwe, na ndani yake itiwe tupa. Walinzi wanasikia wimbo, hawasikii amri. Wanakula chakula kizuri, wanamwachia mfungwa wishwa, naye anakata pingu huku gungu likirindima. Ushairi wa Liyongo ni hila ya kutokea. Siwati haitafuti mlango. Abdilatif hakuomba tupa, na beti zake hazikupunguza siku hata moja katika miaka mitatu. Liyongo aliwadanganya walinzi wake. Mtunzi wa Siwati anawaambia waziwazi, tena kwa kurudiarudia, kwamba hawatapata walichokuja kukitaka.

Ndiyo sababu Mamba, kwa umaarufu wake wote, ni shairi dogo kuliko Siwati. Ni fumbo zuri: mnyama wa mtoni mwenye kiburi anayedhani umri wake hauna kikomo. Mizani yake, minne kwa minane, inampa mghani pumzi fupi kabla ya kila dai, kama mtu anayeinua gogo. Lakini fumbo la dhalimu linamhitaji dhalimu. Mamba akifa, shairi linabaki na nusu ya nguvu zake, na kizazi kinachofuata kitahitaji kuelezwa mamba alikuwa nani. (Kwa bahati mbaya ya Kenya, mamba mpya hawakukosekana. Mwisho wa mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa Kamiti bila mashitaka, naye akaandika riwaya yake ya Kigikuyu juu ya karatasi zile zile za chooni. Serikali ilikuwa haijapata hata wazo jipya.)

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanaoisoma diwani kama hati ya mashitaka dhidi ya utawala hulipita mbio. Ndani ya Sauti ya Dhiki, kando ya Siwati na Mamba, mna Usiniuwe, ambamo mtoto aliye tumboni anamsihi mamake asimwondoshe duniani kabla hajaiona. Mna vilevile Mnazi: Vuta N'kuvute, majibizano ya wawili wanaogombea mti, ambayo yanaweza kusomwa kwa siasa lakini yananukia shamba na makumbi kwanza. Wahakiki wa mapambano hawajui waliweke wapi shairi la Usiniuwe, wengine huliruka. Ni hasara yao. Mtu aliyefungiwa peke yake, mchana na usiku, na watu ambao kazi yao ni kumfanya awafikirie wao tu, alikaa akamfikiria mwanamke asiyejulikana na mimba yake, akahesabu mizani ya ombi la kiumbe asiye na ulimi. Katika maneno ya wazi ya shairi hilo, askari hayumo, hakimu hayumo, rais hayumo.