Mawese Hujulikana Yakiganda

Asubuhi ya mwezi wa saba mjini Njombe, mawese hayamiminiki. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mafuta yaliyotoka Kyela yakiwa mekundu na mepesi huamka yamekuwa mazito, rangi ya chungwa, yamegoma ndani ya chupa. Hapo ndipo wateja wengi huingiwa na mashaka. Mmoja atasema yamechanganywa na mafuta ya mgando ya dukani, mwingine atasema yameharibika. Mimi nasema baridi hii ndiyo mkaguzi bora tuliye naye, na mpishi wa Njombe au Makambako ana nafasi nzuri zaidi ya kuyajua mawese kuliko mpishi wa Dar es Salaam, ambako joto huficha mengi.

Sababu iko ndani ya mafuta yenyewe. Karibu nusu yake ni ya aina inayoganda upesi, nusu nyingine ni mepesi, na yote kwa pamoja huyeyuka kabisa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 39 hivi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, joto la mchana huyaacha yamelegea. Yakishapandishwa Tukuyu, yakapita Uyole, Chimala na Igawa hadi Makambako, huanza kujigawa ndani ya dumu: juu hubaki wekundu mwepesi unaopitisha mwanga, chini hutuama sehemu nzito ya manjano yenye chengachenga. Chenga hizo si uchafu. Mafuta yakipoa taratibu hujenga chenga kubwa. Yakipoa haraka hutoka laini kama samli. Dumu moja likilala nje na jingine likilala jikoni karibu na mafiga, asubuhi utaona tofauti hata kama yalikamuliwa siku moja, kwenye mashine moja.

Cha kutilia shaka ni mawese yasiyoganda. Ukikuta saa moja asubuhi, watu bado wamejifunga makoti, mafuta yanatiririka kwenye chupa bila kusita, basi ni moja kati ya mawili: yametiwa alizeti au mafuta mengine mepesi, au muuzaji amechota sehemu ya juu peke yake. Hilo la pili si wizi, lakini atakayekuja mwisho atabeba mgando mtupu kwa bei ileile. Kwa hiyo ukishasalimia kamwene na kuulizana habari za nyumbani, mwombe: "Mama, naomba ulipashe dumu kwenye maji ya moto, ulitikise vizuri, ndipo unipimie." Muuzaji anayeijua kazi yake hakatai. Na liwe beseni la maji ya moto, si jiko. Dumu la plastiki linalosogezwa kando ya mkaa kila asubuhi huunguza mafuta upande mmoja, na mafuta yanayopashwa hivyo siku baada ya siku huzeeka kabla hayajapata mnunuzi. Chupa zinazopangwa mezani kwenye jua la stendi nazo nazipita. Mwanga huharibu mawese polepole, na chupa inayong'aa vizuri juani ndiyo iliyoumia zaidi.

Wengi huchagua kwa wekundu. Rangi ina maana yake: hutoka kwenye karotini, na kilo moja ya mawese ghafi huwa na miligramu 500 hadi 700 hivi za karotini. Lakini rangi hubadilika kwa aina ya chikichi na kwa namna lilivyoiva, na zaidi ya hayo, rangi inaweza kununuliwa dukani. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilikuta mawese sokoni yametiwa Sudan IV, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Jicho haliwezi kuitambua. Ndiyo maana naiweka rangi mwisho kabisa, na pua mbele.

Chota kiasi cha ncha ya kijiko, weka kiganjani, usugue kwa kidole mpaka yayeyuke. Joto la mkono linatosha kuyafungua. Mawese mazuri hunukia tunda lililochemshwa, utamu mdogo wa karoti iliyoiva jikoni, pengine na moshi kidogo wa kuni, nao si kosa. Mabaya hunukia sabuni, au rangi ya kupaka milango, au uchachu wa kitu kilichovundikwa. Kisha lamba. Usiteme upesi, subiri kidogo. Yaliyo mazuri hutanda ulimini na kuondoka. Yaliyo mabaya huanza kwa upole, halafu hukwaruza koo baada ya kuyameza. Mkwaruzo huo ni tindikali, na hakuna kitunguu wala nyanya itakayouficha kwenye maharage.

Tindikali hiyo huzaliwa shambani. Ndani ya nyama ya chikichi kuna kimeng'enya ambacho huanza kuvunja mafuta mara tunda linapochubuka au kuiva kupita kiasi. Kukichemsha kwa maji ya moto ndiko hukizima. Sasa, wakamuaji wengi wadogo huacha mikungu ikae siku kadhaa baada ya kukatwa, kwa sababu matunda hupukutika kirahisi na kazi ya kuyachambua inapungua. Kila siku inayopita, mafuta yanapatikana lakini ubora unaondoka. Kwa hiyo swali la maana sokoni si kama ni ya Kyela au ya Kigoma. Muulize muuzaji mikungu ilikaa siku ngapi kabla ya kuchemshwa. Anayenunua kwa mkamuaji mmoja anayemfahamu atakujibu bila kufikiri. Anayekusanya dumu mojamoja kutoka kila kona hatakuwa na jibu, na mafuta yake yatabadilika ladha kila wiki. Tangu kampeni ya mchikichi ilipozinduliwa Kigoma mwaka 2018 na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu za aina ya tenera, yenye nyama nene na ganda jembamba la kokwa kuliko aina ya zamani ya dura. Ni kazi kubwa na ninaiombea heri. Hata hivyo, tenera iliyoachwa ikavunda itatoa mafuta mabaya, tena mengi.

Maji ni rahisi kuyakamata. Weka kijiko cha mawese kwenye kikaango kikavu chenye moto: yakipasukapasuka na kurusha, hayakukaushwa vizuri baada ya kukamuliwa. Usinunue dumu la lita 20 kabla ya jaribio hilo, maana utalipia maji kwa bei ya mafuta, na maji hayohayo yataendelea kuyachachusha stoo kwako.

Jikoni, kosa linaloniuma ni kuyachoma mpaka yawe meupe. Watu huyaweka kwenye moto mkali, wakasubiri wekundu upotee, wakidhani wameyasafisha. Wamechoma kilekile walichokilipia. Mafuta ya mawese meupe ya dukani yametoka kwenye mti huohuo, ila kiwandani yamepitishwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 na karotini imekwisha. Kama unayataka hayo, nunua hayo. Mawese mekundu yataka moto wa wastani: yayeyuke, yaanze kutetemeka juu, utie kitunguu kabla hayajatoa moshi. Kitunguu kikilainika na kushika rangi ya dhahabu, ndipo uingize maharage yaliyokwisha kuiva pamoja na supu yake, uache yachemke taratibu mpaka mafuta yaelee juu kwa vidoa vyekundu. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji kinatosha. Kigoma wameyazoea na migebuka. Huku kwetu yanakaa vizuri zaidi na maharage, majani ya maboga yenye karanga, na viazi mviringo vilivyochemshwa nusu kisha vikageuzwageuzwa kikaangoni hadi vikauke pembeni. Kwa maandazi na chapati siyatumii kabisa. Ladha yake inaimeza ngano.

Mkoa wa Njombe unalima viazi, mahindi, maharage na parachichi, na bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mawese peke yake hayaondoi udumavu. Lakini mwili hugeuza karotini kuwa vitamini A, na mtoto anayekula ugali na mboga kavu siku nyingi za wiki anastahili kijiko hicho, mradi kisichomwe kwanza.

Jambo moja ni la baridi yetu tu: mawese huganda hata sahanini. Mboga ikipoa, mafuta hutanda kwenye kaakaa na mlaji huona kinyaa, akalaumu mawese. Pasha sahani, pakua moto, mle mara moja. Kwa chakula kitakachosafiri shuleni au shambani, changanya mawese nusu na alizeti nusu tangu kwenye kukaanga kitunguu, yatabaki laini kwa muda mrefu zaidi.

Kuhifadhi hakuna shida, maana baridi inayosumbua mezani inasaidia stoo. Achana na chupa ya shingo nyembamba, ambayo kufika mwezi wa sita utaikata kwa kisu. Yayeyushe kwenye maji ya moto, yachuje kwa kitambaa safi, yamimine kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko na mdomo mpana, uiweke mahali pa giza. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara. Yakianza kukwaruza koo, yapeleke kwa anayetengeneza sabuni.