Kidole Kisichoinuliwa

Kule Kolwezi ardhi huthaminiwa kwa shaba na kobalti iliyomo tumboni mwake. Sandoa, magharibi ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwalimu wa darasa la kwanza huitazama ardhi usoni tu. Mchanga upo mlangoni, haununuliwi. Hilo si jambo dogo tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipofanywa bure katika shule za umma na madawati yakabanana. Chaki huvunjika, daftari huisha. Mchanga ukijaa, unafutwa kwa kiganja, kazi inaanza upya.

Tena katika nchi hii ya Waruund na Wachokwe, mchanga ulikuwa ubao kabla ubao mweusi haujafika. Wachokwe huita mchoro mmoja lusona, na ikiwa mingi, sona. Mzee hulainisha ardhi, hupanga nukta kwa ncha za vidole, kisha kidole kimoja huanza safari kikizizunguka, hakiinuliwi, huku mdomo ukisimulia kisa, mpaka mstari urudi ulikotoka. Akisita njiani, watazamaji humcheka. Wavulana walifundishwa michoro myepesi katika mukanda, kambi ya jando. Mabingwa walikuwa wachache. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza ufundi huu, kwa ombi la Angola, katika orodha ya urithi wa binadamu.

Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi mwingine: mwalimu anayeushusha ufundi huo hadi kwenye kimo cha mtoto wa miaka sita, kwa wiki moja.

Jumatatu hakuna mchoro. Kuna kulainisha mchanga na kupanga nukta, basi. Mkono unaojua kubeba maji na kutwanga mihogo haujawahi kushika kalamu, na sasa unaombwa jambo gumu: umbali ulio sawa. Vidole viwili vya mkono uleule ndivyo rula. Safu ikipinda, mtoto mwenyewe ataiona.

Jumanne wanahesabu. Safu tatu za nukta nne. Zunguka, simama upande wa pili: safu nne za nukta tatu. Hakuna iliyopotea wala iliyozaliwa. Wanahesabu kwa lugha ya nyumbani, Kiruund au Kichokwe, halafu Kiswahili, halafu Kifaransa. Majina yanabadilika, nukta zimetulia palepale.

Jumatano kidole kinaondoka. Kinapita mshazari kati ya nukta, kikifika ukingoni kinageuka, kinaendelea. Juu ya tatu kwa nne mstari unazizunguka zote na kurudi nyumbani. Darasa linapiga makofi.

Alhamisi ndiyo siku ya kumpima mwalimu. Anawapa safu mbili za nukta nne, ananyamaza. Mstari unarudi nyumbani mapema mno, na nukta nyingine zimebaki nje. “Mwalimu, imekataa!” Mtu asiye fundi angeinama, akashika kidole cha mtoto na kukipeleka. Yeye mikono yake iko mgongoni. Anauliza tu: “Zilizobaki utazifikiaje?” Mtoto anaanza mstari wa pili. Baadaye tatu kwa tatu zitamdai mistari mitatu. Siri iko katika kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu na idadi ya nukta katika kila safu, jambo ambalo Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, alilieleza vitabuni. Mtoto hana haja na jina la kigawo hicho leo. Atakapokutana nalo miaka ijayo, kidole chake kitakuwa kimeshalijua.

Ijumaa visa vinaingia. Kuku aliyetoroka. Njia ya kwenda mto Lulua. Mama anayerudi shambani na kuni kichwani. Kidole kinapokata kona, kisa nacho kinakata kona. Mtoto aliyekuwa na haya ya kusema anajikuta anasema, kwa kuwa macho yote yako mchangani, hayako usoni pake. Wasichana wanachora pia. Ya siri ya mukanda yamebaki mukanda. Darasani zimekuja nukta na mistari tu.

Jumamosi ufagio unapita. Mkaguzi akifika asubuhi hiyo, hana cha kuonyeshwa: uwanja mtupu, na watoto wenye kucha chafu. Ufundi wa seremala huacha kiti, wa mfinyanzi huacha chungu. Huu wa mwalimu hauna pa kuwekwa.

Lakini Jumatatu inarudi, na chaki inatolewa. Leo ni herufi *a*, mwandiko wa kuunganisha, ule wa shule zetu. Mtoto anaanzia juu, anazunguka, anapanda, anashuka, anatoa mkia. Mwalimu amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, akiitazama ncha ya chaki. Haijainuka.